Kaniki wa Keko

Runinga ya Shomvi ilikuwa na chogo refu
na ugonjwa mmoja: haikujua wekundu.
Rangi hiyo ilishafia ndani ya kioo
kabla sisi hatujajua kushika padi.
Nyanya zilitoka nyeusi, damu ilitoka nyeusi,
na yule shujaa arukaye maghorofa
akatujia na uso wa rangi ya kisamvu
na joho jeusi mgongoni.
Jina lake lilikuwa kwenye boksi, kwa Kijapani.
Hatukulihitaji.
Tulimwita Kaniki.

Keko, nyuma ya karakana ya makabati,
benchi la mabanzi, harufu ya vanishi,
unga wa mbao ukiingia hadi kwenye kaseti.
Ikigoma unaichomoa, unaipuliza
kama mama anavyopuliza uji wa mgonjwa,
unairudisha, unasema bismillahi.
Hamsini, maisha matatu.
Shomvi hakumkopesha hata nduguye.
"Maisha hayakopwi," alisema, akitema makapi ya mua,
wala hakuwa anahubiri. Alikuwa anahesabu sarafu.

Nsajigwa alifia ghorofa ya pili kila siku.
Mimi ya nne, kwenye lifti,
pale lile jitu la minyororo linaposhuka
na kidole gumba kinaloa jasho.

Kisha Sikudhani.
Ametumwa mafuta ya taa,
dumu la lita moja kati ya miguu,
khanga kaifunga kibwebwe,
anacheza bila kupepesa.
Sisi tulipiga vitufe kama tunaua mende;
yeye aligusa, akasubiri, akagusa,
kama mtu anayeonja chumvi.
Lifti akapita. Ya tano akapita. Ya sita.
Mafundi wakaacha randa, wakaja na penseli masikioni.
Ghorofa ya saba, ambayo hatukujua kama ipo:
ukumbi mtupu, mlango mkubwa,
Kaniki kabakiza moyo mmoja,
anainua mguu aupige teke

Luku.

Doa la mwanga katikati ya kioo
likasinyaa, likawa punje ya mchele, likaisha.
Hakuna aliyetukana.
Sikudhani akaokota dumu lake.
"Amefika," alisema. "Mmeona wenyewe, amefika."
Nyumbani alichapwa kwa ajili ya mafuta,
na mwezi uleule Shomvi akauza mashine
akanunua cherehani.

Miaka ishirini na sita.
Jana, Kongowe, mpwa wangu Adili
kalala kifudifudi na simu yangu.
"Mjomba, gemu za kizamani, za bure, zipo elfu."
Nikaujua mlio kabla ya picha,
zile sauti nne za kijiko sufuriani.
Kisha akatoka yeye, toka angani,
na joho jekundu.
Jekundu! Kama taa ya breki,
na uso mweupe wa mtu asiyewahi kudaiwa kodi.
Nikamuuliza mtoto: huyu nani?

Nikacheza hadi usiku. Maisha hayaishi siku hizi,
ukifa unabonyeza, unafufuka bila hamsini.
Lifti. Ya sita. Mlango.
Nyuma ya mlango hamna kitu, kwa kweli:
dirisha, mji wenye taa, mistari mitatu ya maandishi,
na kiti ambacho Keko wangekirudisha kwa fundi.

Sikudhani anauza vipuri vya pikipiki Gerezani.
Namba yake ninayo, ya michango ya msiba.
Nikaandika: Nimefungua ule mlango.
Nikafuta.
Nikaandika: Kaniki kumbe mwekundu.
Nikatuma, nikajutia.

Alfajiri akajibu:
Kaniki haitakati kwa sabuni.
Huyo uliyemwona ni mtu mwingine.
Wetu bado kainua mguu.